Makumbusho ya Reli ya Whitehead: nenda ukautazame mstari

"Sogeza simu. Sogeza tena. Achana na injini, nionyeshe mstari."

Huyo alikuwa baba, sebuleni kwake Nairobi, miwani imeteremka puani. Mimi nilikuwa ndani ya banda la Makumbusho ya Reli ya Whitehead, pwani ya Antrim, Ireland Kaskazini, nimeielekeza simu kwenye ubavu wa injini ya mvuke iitwayo Merlin. Ilikuwa mara yangu ya tatu kufika pale. Mara mbili za kwanza nilitazama nisione, ndiyo maana sikuandika lolote. Sasa naandika.

Baba alikuwa mpaka rangi wa reli. Aliingia karakana kuu ya Nairobi mwaka 1967 akiwa na miaka 19. Walimpa msasa na tambara kwa muda mrefu kabla ya kumkabidhi brashi, na mwishowe wakamweka kwenye kazi ambayo si kila fundi aliiweza: kuchora ile mistari myembamba inayozunguka matangi na kibanda cha dereva, na kuandika herufi. Kwetu Muthurwa, watoto wenzangu walijivunia baba madereva na baba magadi wa treni. Mimi wangu alikuwa wa mstari. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli ikagawanywa mafungu matatu, yeye na wenzake ndio waliopewa kazi ya kufuta herufi za EAR, yaani Reli ya Afrika Mashariki, ubavuni mwa injini na kuandika nyingine. Kazi hiyo hajapenda kuizungumzia mpaka leo. Husema tu kwamba herufi ya zamani haitoki. Jua likiwa limelala utaiona imevimba chini ya rangi mpya.

Mimi ni muuguzi hapa Belfast, mwaka wa 12 sasa, zamu za usiku. Nikitoka kazini nikiwa sina usingizi hupanda treni ya Larne, kwa sababu njia yote ni bahari. Ukitaka kwenda Whitehead, panda Lanyon Place, ukae upande wa kulia ukitazama mbele. Treni zenyewe ni za Hispania, zimeundwa na CAF, safi na zenye joto la kutosha. Mtapita Carrickfergus na ngome yake iliyosimama majini, kisha reli inaukaribia ukuta wa bahari, na baada ya takriban dakika 40 tangu mjini mtakuwa mmefika. Kutoka stesheni ni mwendo wa miguu. Usikimbilie makumbusho. Pitia ufukweni kwanza ukazione zile nyumba zilizopakwa kila moja rangi yake, manjano, waridi, kijani, samawati, maana zitakuandaa kwa unachokwenda kuona.

Mahali pale penyewe pana asili yake. Whitehead ulikuwa mji wa matembezi. Kampuni ya reli ya Belfast na Northern Counties ilikuwa na mhandisi aliyeitwa Berkeley Deane Wise, naye aliamini kwamba reli haisubiri abiria, inawatengenezea sababu ya kusafiri. Ndiye aliyechonga ile njia ya miguu ya Gobbins kwenye majabali juu ya bahari, iliyofunguliwa mwaka 1902, kusudi watu wa Belfast wakate tiketi wakaione. Mwanzoni mwa karne ya 20 umati wa siku za sikukuu uliizidi stesheni ya kawaida, ikabidi Whitehead ipate jukwaa la pembeni kwa ajili ya treni za matembezi peke yake. Jukwaa hilo ndilo kitovu cha makumbusho ya leo. Unakunywa chai palepale ambapo watoto wa shule za Jumapili walishuka na ndoo zao za mchanga.

Chama kinachopaendesha ni Chama cha Kuhifadhi Reli cha Ireland, RPSI, kilichoanzishwa mwaka 1964 wakati injini za mvuke zilipokuwa zikipelekwa kwa wauza vyuma chakavu moja baada ya nyingine. Makumbusho kama yalivyo leo yalifunguliwa mwaka 2017. Na ujue jambo moja kabla hujaingia: hii ni karakana inayofanya kazi. Utasikia nyundo. Utanusa grisi, moshi wa makaa ya mawe na rangi mbichi. Wanaokutembeza ni watu wa kujitolea, wengi wao wazee, na mkono unaokuonyesha kitu mara nyingi una weusi kwenye kucha. Anayetaka vyombo ndani ya vioo na ukimya ataona kelele. Mimi nilijiona nipo nyumbani tangu mlangoni.

Sasa nirudi kwa Merlin na samawati yake.

Mwaka juzi nilitaka kumpa baba zawadi ya kutimiza miaka, nikaagiza mtandaoni picha iliyochorwa ya Merlin kutoka duka moja ambalo sitalitaja. Ilikuja imefungwa vizuri, fremu ya mbao, lakini injini ilikuwa ya buluu nzito kama sare ya polisi. Niliituma hivyohivyo, sikujua tofauti. Baba aliitundika ukutani kwa heshima, kisha akaniuliza kwa upole kama mchoraji aliwahi kuiona injini yenyewe, maana mistari yake haikuwa na mwanzo wala mwisho. Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonirudisha Whitehead.

Rangi ya Merlin ni samawati hasa, ya anga saa nne asubuhi baada ya mvua. Fremu iliyo chini, karibu na magurudumu, ni nyekundu kali. Kati ya hizo mbili kuna mkanda mweusi, na kando ya mkanda mweusi mstari mweupe mwembamba sana, unaofuata kila ukingo wa bamba: unazunguka kifuniko cha gurudumu, unapanda kibandani, unatokea tena kwenye tenda, lile behewa dogo la makaa na maji linaloburutwa nyuma. Magurudumu ya kuendeshea yana kimo cha mita 2. Nikisimama kando, gurudumu linanipita kichwa. Kwenye ukubwa wote huo, kitu kinachoishika injini isionekane kama mzigo wa chuma ni mstari huo mweupe. Nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili nisiuone.

Samawati hiyo ilianza mwaka 1932. Kampuni ya Great Northern, iliyoendesha njia kuu ya Dublin na Belfast, hadi wakati huo ilikuwa inazivisha injini zake nyeusi. Kilichobadilisha mambo ni daraja. Daraja la mto Boyne pale Drogheda, lililofunguliwa mwaka 1855, lilikuwa na vyuma vilivyoshindwa kubeba injini nzito, kwa hiyo hata kama fundi angekuwa na ramani ya injini kubwa mfukoni, ingekwamia mtoni. Mwaka 1932 wakabadilisha vyuma vya daraja, na mwaka huohuo zikaja injini tano mpya: Eagle, Falcon, Merlin, Peregrine na Kestrel, yaani tai, kozi na jamaa zao, ndege wa mawindo watupu. Namba 83 hadi 87. Merlin ni 85. Zilikuwa na silinda tatu, na mvuke ulifanyishwa kazi mara mbili: kwanza silinda ya katikati yenye shinikizo kubwa, kisha uleule unapelekwa kwenye silinda mbili za nje kabla ya kutolewa dohani. Injini mpya, daraja jipya, nguo mpya. Mwaka 1947 Great Northern ikaanzisha Enterprise, treni ya Belfast na Dublin isiyosimama njiani, na wale waliokuwa watoto wakati huo bado wanaisimulia kwa rangi kwanza. Hawakuambii ilikwenda kasi gani. Wanakuambia ilikuwa ya samawati.

Baba nilimpigia mara ya tatu nilipofika, nikiwa nimeomba ruhusa. Nilipopitisha simu kwenye kibao cha kiwanda, akanisimamisha.

"Soma."

Nikasoma: Beyer Peacock, Manchester.

Akanyamaza. Halafu akaniambia nisome tena.

Msomaji wa Afrika Mashariki atamwelewa. Hao ndio waliotuundia Garratt. Zile injini 34 za darasa la 59, zilizokuja katikati ya miaka ya 1950, tani 252 kila moja, zilizopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi na mizigo isiyobebeka, zilitoka kwenye kiwanda hichohicho cha Gorton, Manchester. Zilipewa majina ya milima yetu. Mount Gelai bado ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, mtu anaweza kwenda kuigusa. Zilikuwa maruni, na baba amepaka baadhi yake kwa mikono yake. Aliniambia kwamba kwenye karakana yao, kibao cha Beyer Peacock kilikuwa kinatolewa, kinasuguliwa shaba, mandhari yake inapakwa upya, kinarudishwa, na msimamizi hakukubali rangi iguse hata herufi moja. Mimi nilidhani namwonyesha baba kitu cha kigeni. Kumbe nimemwonyesha mtoto wa shangazi yake.

Mjitoleaji aliyekuwa karibu, mzee mwenye ovaroli la buluu lililojaa madoa ya rangi zote za kisiwa hiki, alisikia jina la kiwanda akasogea. Nikawaunganisha. Baba Kiingereza anakijua, lakini akichangamka huchanganya, kwa hiyo nilikaa katikati nikitafsiri huku na huku. Swali la kwanza la baba halikuwa juu ya injini. Aliuliza: hiyo brashi ya mstari ni ya nywele za mnyama gani?

Nywele za kindi, akajibiwa.

Baba akacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mama afariki. Na za Nairobi zilikuwa za kindi, ndefu kama kidole, zililetwa kwa meli, na ukimaliza kazi unaziosha kwa mafuta ya taa, unazipaka mafuta ya kupikia ili zisikauke, unazilaza kwenye kopo la Kimbo, zisisimamishwe hata kidogo. Mzee wa Whitehead akaenda kwenye kabati lake akarudi na kopo la biskuti. Akafungua. Brashi zimelazwa, zimepakwa mafuta, nywele zimenyooshwa kwa kidole hadi ncha. Sikutafsiri chochote hapo. Walikuwa wanatazamana tu kupitia simu.

Baada ya hapo akanionyesha kazi yenyewe kwenye bamba la majaribio. Hakuna rula. Brashi inajazwa rangi, inapanguswa kidogo kwenye kipande cha kioo, kisha nywele zote zinalazwa juu ya bamba na mkono unavutwa kuja kwa mchoraji, kidole kidogo kikiteleza ukingoni kama gurudumu la pembeni. Hakuipa brashi nguvu yoyote. Uzito wa rangi ndio uliofanya kazi. Hakupumua mpaka mstari uishe. Ulikuwa na urefu wa mkono wangu na haukutikisika popote. Baba kule akasema kwa Kiswahili, polepole, "Ehee, ndivyo." Niliuliza kwa nini wasitumie utepe wa kubandika, mtu akapaka kati na kubandua. Wote wawili walijibu kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa lugha yake, na jibu lilikuwa moja: utepe huacha ukingo kama ngazi, mvua na vumbi vikaingia hapo, na mstari ukaanza kuchunika kabla ya mwaka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa atakayekwenda ni huu: uliza ni nani anayepaka rangi, na uliza kwa adabu kama yupo siku hiyo. Usikae kwenye injini tu.

Ushauri wa pili ni kuwasikiliza wageni wenzako. Watu wa kisiwa hiki wanaingia Whitehead na kumbukumbu zao mkononi kama watu wanaokwenda kutambua mali iliyopotea. Mara yangu ya pili nilikaa meza moja na bibi aliyekuwa anakunywa chai na skoni yenye siagi. Alikuja hapa kwa treni ya shule ya Jumapili, akiwa na miaka saba, na jina lake limeandikwa kwenye kadi iliyofungwa kifungoni ili asipotee. Treni ilikuwa ya kijani. Kijani hicho kilikuwa cha Mamlaka ya Usafiri ya Ulster, iliyoanza kuchukua reli mwaka 1948 na kuzifunga njia nyingi mno, na kwake yeye rangi ile ina mambo mawili ndani yake: furaha ya siku ya bahari, na stesheni ya kijiji chake iliyong'olewa reli. Aliposema hivyo nilimkumbuka baba na herufi za EAR.

Maana hata huku kulikuwa na kugawana. Njia za Great Northern zilivuka mpaka uliowekwa baada ya kisiwa kugawanyika, kampuni ikaishiwa nguvu, serikali mbili zikainunua kwa pamoja mwaka 1953, na mwaka 1958 zikagawana: injini na mabehewa, nusu kwa nusu. Zile zilizoangukia upande wa CIÉ, shirika la Dublin, ziliongezewa herufi N baada ya namba. Herufi moja tu. Kuna mtu alikaa na brashi akaziandika hizo N zote, na nilipomwambia baba, aliuliza kama walimpa mtu mmoja au kikundi. Kwao Nairobi walikuwa wanne.

Usikose kuitafuta injini namba 4. Haina madaha ya Merlin. Ni nyeusi, fupi, matangi ubavuni, imeundwa Derby mwaka 1947, na wenyeji wanaziita za aina yake Jeep. Lakini ndizo zilizobaki kazini wakati kwingine kote kisiwani mvuke umekwisha. CIÉ iliacha mvuke mwaka 1963. Huku, tangu 1966 hadi 1970, walikuwa wanajenga barabara kuu ya M2 kando ya ghuba ya Belfast na walihitaji mawe ya kujazia, mamilioni ya tani, kutoka Magheramorne, ng'ambo kidogo ya Whitehead. Treni za mabehewa 20 zilipita hapa mchana na usiku, Jeep moja mbele na nyingine nyuma, ili treni igeuze safari bila kupoteza muda wa kuhamisha injini upande wa pili. Mzee mmoja mwenyeji wa hapa aliniambia mama yake aliacha kuanika mashuka nje kwa miaka minne. Aliniambia bila manung'uniko. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani usiku akizihesabu, na zilipokoma hakupata usingizi wiki nzima.

Injini namba 171, Slieve Gullion, imebeba jina la mlima ulio karibu na mpaka, nayo pia ni ya Beyer Peacock, ya mwaka 1913. Ilizaliwa kijani, ikavishwa nyeusi, ikaja kuwa samawati. Vazi tatu kwenye mwili mmoja. Na ile namba 186, ya mwaka 1879, ni ya kusini, ya kampuni ya Great Southern and Western. Aina yake ilikuwa ya kazi zote na haikuringia chochote. Pita taratibu.

Mgeni mwingine, kutoka Dublin, alinipa somo zima la rangi za CIÉ tukiwa tumesimama kwenye foleni ya chai, na nalileta hapa kwa sababu halina makosa niliyoyaona na kwa sababu macho yake yalijaa. Mwaka 1955 dizeli za darasa la A zilianza kuja kutoka kiwanda cha Metropolitan-Vickers cha Uingereza, zikiwa za rangi ya fedha mwili mzima. Aliziona akiwa mabegani kwa baba yake. Rangi ile haikustahimili moshi wala kuoshwa, ikachafuka, ikafunikwa kwa kijani. Miaka ya 1960 ikaja nyeusi na hudhurungi iliyofifia. Mwaka 1972, mabehewa mapya yenye viyoyozi yalipofika, wakapaka rangi ya chungwa yenye mkanda mweusi, na vijana wa wakati huo wakaamini nchi imekuwa mpya. Rangi ya chungwa iliwachukua maisha yao yote ya kwenda kazini, shule, harusini na mazishini. Akaniambia mwanawe akichora treni leo bado huchukua kalamu ya chungwa, na treni za sasa si za rangi hiyo.

Siku ya kwenda: chagua siku ambayo injini imewashwa moto. Tazama ratiba yao kwanza, maana si kila siku wako wazi na si kila siku kuna mvuke. Siku za mvuke utapanda behewa la zamani na kuvutwa kipande kifupi ndani ya eneo lao. Kifupi kweli, lakini kinatosha kwa lile jambo ambalo picha haiwezi kukupa: ule mguno wa kwanza, kabla magurudumu hayajazunguka, unaoupokea kwenye mgongo wa kiti. Garratt za baba zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo harufu ya makaa ya mawe kwangu ni ngeni. Inashika nywele na koti hadi kesho yake. Vaa nguo usiyoionea uchungu. Na uvae nzito, upepo wa pale hauna msimu.

Kama unataka safari ndefu, RPSI ndio peke yao wanaoendesha treni za mvuke kwenye njia kuu za kisiwa hiki, kutoka Belfast na kutoka Dublin. Nilimpeleka mwanangu kwenye ile ya Desemba ya watoto. Tiketi huisha mapema. Weka kumbusho kwenye simu. Jambo lililomkaa kichwani mwanangu halikuwa zawadi aliyopewa, ni watu waliosimama kwenye madaraja na uwanja wa nyuma wa nyumba zao, wakipunga mikono, wazima na wazee, kama vile kila mmoja ana ndugu ndani.

Ukipata siku nyingine, vuka upande wa pili wa ghuba kwa treni ya Bangor, ushuke Cultra, kwenye makumbusho ya uchukuzi. Huko kuna Maedhbh, namba 800, iliyoundwa Inchicore, Dublin, mwaka 1939, na jina lake la malkia wa hadithi za kale limeandikwa kwa herufi za Kigaeli. Ni kubwa kuliko zote walizowahi kuunda wenyewe. Nimeiona mara moja na nitairudia, lakini pale imetulia. Whitehead wanapaka.

Alama zangu: 5 kati ya 5, na nazitoa kwa ajili ya lile kopo la biskuti.

Wiki iliyopita baba amepiga simu. Amelitoa kopo la Kimbo kutoka chini ya kitanda. Kati ya brashi sita, mbili zimeliwa na wadudu, nne bado nzima, nywele laini, amezijaribu kwenye gazeti. Mpwa wangu anakuja mwezi ujao kusoma, naye atakuja na moja, imefungwa kwenye kitambaa na kulazwa ndani ya kasha la mswaki. Ni ya yule mzee wa Whitehead. Lakini baba ameweka sharti: nisimkabidhi mlangoni. Nimpe mbele ya bamba, achore nayo mstari mmoja mweupe, mrefu, bila rula, na mimi nishike simu karibu.